Mashine za Presha ya Maji: Kidonda Kidogo Chenye Hatari Kubwa

Ni vigumu siku hizi kupita katika kituo cha biashara bila kuona mahali pa kuoshea magari. Mtaji wake haujawa mkubwa sana: tangi la maji, mashine ya petroli au ya umeme, mpira wa mita kadhaa, sabuni, na vijana wawili watatu walio tayari kulowa tangu asubuhi hadi jioni. Mashine hizo hizo sasa zinatumika kusafisha vichinjio, masoko, mabanda ya ng'ombe wa maziwa, malori ya taka, gereji na kuta za majengo. Zimepunguza kazi ya siku nzima ikawa ya saa moja, na zimewapa vijana wengi riziki.

Lisilojulikana na wengi ni kwamba maji yanayotoka kwenye mashine hizo yanaweza kutoboa ngozi ya binadamu na kuingia hadi ndani ya nyama. Jeraha la namna hiyo, hata likiwa dogo kama tundu la sindano, ni dharura ya hospitali. Si jambo la kufunga kitambaa na kungoja kesho.

Udogo wa tundu ndio unaowapotosha watu. Aliyekatwa na kisu huona damu, akaogopa, akakimbia kutafuta msaada. Aliyedungwa na maji huona kidoa tu, pengine tone moja la damu, pengine hata hilo lisiwepo. Katika dakika za kwanza anaweza asisikie maumivu makali. Kidole huwa kama kimekufa ganzi. Anajifuta, anamalizia gari lililokuwa mbele yake na kupokea linalofuata. Baada ya saa chache kidole kinaanza kuvimba na kupwita, na kufikia usiku hakikunjiki. Asubuhi yake anapofika kituo cha afya, muda ambao ungemfaa zaidi umeshapita.

Maji yanavyotoboa ngozi

Dereva yeyote anajua kipimo cha PSI kutokana na upepo wa gurudumu. Gurudumu la gari dogo huhitaji takriban PSI 30 hadi 35. Ngozi ya binadamu inaweza kutobolewa na mkondo mwembamba wa maji wenye presha ya takriban PSI 100, ambayo ni sawa na bar 7 hivi.

Sasa tazama kipimo kilicho juu ya mashine ya kuoshea magari. Nyingi zimeandikwa kati ya bar 100 na 200. Mashine ya bar 150 ina zaidi ya PSI 2,100, yaani zaidi ya mara 20 ya presha inayotosha kutoboa ngozi. Hata ile mashine ndogo ya umeme inayouzwa madukani kwa matumizi ya nyumbani, ya bar 100, imevuka mpaka huo mara nyingi. Mashine za viwandani zinazotumika kukwangua kutu au kuzibua mabomba hufika bar 1,000 na kuendelea, na hizo hukata kabisa.

Presha pekee haiamui ukubwa wa madhara. Umbali una kazi yake, na umbo la nozeli, kile kichwa kidogo ambamo maji hutokea, lina kazi yake pia. Mkondo ukitawanyika hupoteza nguvu haraka, lakini mkondo ulionyooka kama uzi hubeba nguvu yote na kuiweka mahali pamoja. Mashine nyingi huja na nozeli za rangi tofauti: nyekundu hutoa mkondo ulionyooka bila kutawanyika, ya manjano hutawanya kwa nyuzi 15, ya kijani nyuzi 25 na nyeupe nyuzi 40. Ile nyekundu ndiyo hatari kuliko zote, na kwa kuosha gari haina kazi hata kidogo. Zaidi ya kuhatarisha vidole, hubandua rangi. Mwenye kituo anaweza kuiondoa leo na kuifungia kabatini bila kupoteza shilingi.

Kinachotokea ndani ya mkono

Kidole hakina nafasi. Chini ya ngozi kuna mifupa, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na kano zinazokunja kidole, na kano hizo zimepita ndani ya ala inayoelekea kwenye kiganja. Maji yakiingia kwa kasi hayabaki pale yalipoingilia. Hufuata njia yenye upinzani mdogo, kandokando ya kano, na yanaweza kufika kwenye kiganja au zaidi ilhali tundu liko kwenye ncha ya kidole. Hewa nayo huingia pamoja na maji.

Halafu sehemu iliyojeruhiwa huvimba. Kwa kuwa hakuna nafasi ya kuvimbia, uvimbe hubana mishipa ya damu, na nyama isiyopata damu hufa. Juu ya hayo kuna kile kilichobebwa na maji. Maji ya kuoshea gari mara nyingi si maji safi ya bomba. Huchotwa mtoni, kwenye bwawa au kisima kisichotibiwa, yakachanganyika na sabuni, matope, grisi na masalio ya dizeli. Kwenye kichinjio au lori la mifugo kuna damu na kinyesi. Yote hayo hudungwa ndani ya mkono kwa mpigo mmoja, mahali ambapo kuosha kidonda kwa nje hakufiki.

Mwaka 2006 yalichapishwa mapitio ya visa 435 vya majeraha ya mikono yaliyosababishwa na vitu vinavyodungwa kwa presha ya juu. Katika takriban visa 3 kati ya kila 10, jeraha liliishia kwa kukatwa kiungo. Ni haki kueleza kwamba hesabu hiyo inachanganya vitu vya kila aina: maji peke yake hudhuru kidogo kuliko rangi, tina ya kuchanganyia rangi au mafuta ya injini. Kwa waliodungwa na vitu vikali kama hivyo, upasuaji uliofanywa ndani ya saa 6 ulipunguza sana uwezekano wa kupoteza kiungo. Mafundi wa injini za dizeli wanaojaribu nozeli kwa mkono, na wapaka rangi wanaotumia mashine za kupulizia za presha ya juu, wanapaswa kujua kwamba wao wako kwenye hatari kubwa kuliko muosha magari. Visa vya mwanzo vya jeraha hili kuandikwa na madaktari, katika miaka ya 1930, vilihusu mafuta ya dizeli.

Hata hivyo maji yenye sabuni na uchafu si maji peke yake, na aliyedungwa hawezi kujua kwa macho kilichoingia.

Saa za kwanza

Mtu akidungwa, kwanza mashine izimwe. Pete, saa na bangili zitolewe mara moja, kwa sababu zikisubiri uvimbe zitalazimika kukatwa. Kidonda kisafishwe taratibu kwa maji safi yanayotiririka na kufunikwa kwa kitambaa safi bila kukaza. Mkono uinuliwe juu ya kiwango cha moyo. Asikamue, kwani kukamua husukuma uchafu mbele zaidi. Barafu isiwekwe, maana hupunguza damu inayofika kwenye kidole ambacho tayari kinaikosa. Petroli, majivu, dawa ya meno na mafuta ya kupaka havina msaada wowote. Ni vyema pia asile wala kunywa hadi aonwe na daktari, kwa kuwa huenda akahitaji kupigwa dawa ya usingizi.

Kisha aende hospitali, na si kwenye duka la dawa. Zahanati iliyo karibu inaweza kumpa huduma ya kwanza, dawa ya maumivu na sindano ya pepopunda, lakini jeraha hili linahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji, yaani ya Level 4 kwenda juu. Zahanati ikimpokea, impe rufaa siku hiyo hiyo. Safari isingoje mwisho wa zamu.

Akifika hospitalini, maneno atakayosema mapokezini yana uzito mkubwa. Akisema "nimejidunga kidole kazini", atapangwa kwenye foleni nyuma ya homa na kikohozi, na si kosa la anayempokea, kwa sababu tundu lenyewe halitishi. Aseme wazi: "Nimedungwa na maji ya mashine ya presha ya juu." Aongeze saa ambayo ajali ilitokea, presha ya mashine kama anaijua, na kilichokuwa ndani ya maji: sabuni gani, maji ya mto au ya bomba. Picha ya kibandiko cha mashine na ya chupa ya sabuni, iliyopigwa kwa simu, itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Katika nchi kadhaa wafanyakazi wa mashine kubwa za presha hutembea na kadi mfukoni inayomweleza daktari aina ya jeraha na uharaka wake. Hakuna kinachomzuia mwenye kituo cha kuoshea magari kuandika karatasi kama hiyo na kuibandika ukutani.

Madhara mengine yasisahauliwe. Mkondo ukipita kwenye jicho unaweza kulipofusha, na hata usipogusa jicho moja kwa moja, hurusha mchanga na vipande vya kutu kwa kasi. Aliyepigwa jichoni asilifikiche. Afunikwe bila kubanwa na apelekwe hospitali.

Kazi inavyozaa ajali

Ajali hizi hazitokani na bahati mbaya tupu. Ukikaa nusu saa mahali pa kuoshea magari utaziona zikitengenezwa.

Nozeli ikiziba kwa mchanga, mfanyakazi huzima injini na kuichokoa kwa kidole au msumari, akidhani mashine iliyozimwa imelala. Haijalala. Presha hubaki ndani ya mpira hadi kifyatuo kibonyezwe na maji ya mwisho yatoke. Mpango sahihi ni kuzima mashine, kufunga maji, kuelekeza mdomo chini na kubonyeza kifyatuo mpaka kisitoe kitu, ndipo nozeli iguswe.

Mpira ukivuja, mkono huenda wenyewe kutafuta mahali panapovuja. Tundu la mpira ni nozeli nyingine, tena isiyo na mwelekeo. Patafutwe kwa kipande cha katoni, na mpira ukishapatikana umechoka ubadilishwe; kuufunga kwa ukanda wa tyubu au waya ni kuahirisha ajali tu. Kuna pia tabia ya kufunga kifyatuo kwa ukanda wa mpira ili kidole kisichoke kukibonyeza. Kifyatuo kimewekwa ili maji yakatike pale bunduki inapoanguka. Kikifungwa, bunduki ikiteleza mkononi hujipiga huku na huku kama nyoka, na waliosimama karibu hawana pa kukimbilia.

Mkono ulioshika kitu ndio unaoumia zaidi, si ule unaobonyeza. Kwa wengi ni mkono wa kushoto, ulioshika kapeti, kifuniko cha gurudumu au ndoo huku wa kulia ukielekeza maji. Kapeti ining'inizwe ukutani. Jioni nayo ina hatari yake: mfanyakazi aliyechoka huelekeza mashine kwenye gambuti zake, na wengine kwenye miguu mitupu, ili matope yatoke haraka. Na wapo wanaorushiana maji kwa mchezo.

Kuhusu vifaa vya kinga, ukweli usemwe. Glavu za kawaida za mpira na gambuti za kawaida hulinda dhidi ya sabuni, baridi na kuteleza, lakini hazizuii mkondo wa bar 150 ulio karibu. Zivaliwe, pamoja na miwani ya kinga na aproni nzito, ila zisimpe mtu ujasiri wa kuweka mkono mbele ya maji. Sandali hazifai kabisa kwenye kazi hii.

Mashine za umeme zinadai tahadhari ya ziada, kwa sababu waya wa ekstensheni uliolala kwenye dimbwi unaweza kuua kabla ya jeraha lolote la maji. Fundi wa umeme aliyesajiliwa aweke kifaa kinachokata umeme wenyewe unapovuja, na maungio ya waya yainuliwe kutoka chini. Mashine za petroli zisiwashwe ndani ya stoo, kichinjio kilichofungwa au maegesho ya chini ya jengo, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kumwangusha mtu kabla hajatambua.

Nani analipa

Hapa ndipo wengi hunyamaza. Muosha magari analipwa kwa kila gari, hana barua ya ajira, na anaogopa kwamba akienda hospitali atakuta nafasi yake imechukuliwa. Mwenye mashine naye anatamani liitwe jeraha dogo.

Sheria haisemi hivyo. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo, na kulipwa kulingana na kiasi cha kazi iliyofanywa ni njia inayotambuliwa. Kutokuwa na karatasi, kwa hivyo, hakumwondolei mwajiri wajibu. Penye utata kuhusu nani ni mwajiri, kwa mfano mashine inapokuwa ya mtu mmoja na kiwanja cha mwingine, mfanyakazi asiamue mwenyewe kwamba hana haki, aripoti.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga vinavyofaa, vikiwemo glavu, viatu na miwani inapohitajika, kwa wafanyakazi walio kwenye kazi ya majimaji au yenye vitu vya kudhuru. Pia inataka mahali pa kazi pasajiliwe. Sheria ya pili ya mwaka huo huo, ile inayofahamika na wengi kama WIBA, inahusu majeraha ya kazini. Inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi, agharamie matibabu yanayotokana na ajali ya kazini, na airipoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari. Mfanyakazi aliyeshindwa kabisa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi anastahili malipo ya kipindi hicho, na akibaki na ulemavu wa kudumu hulipwa fidia kulingana na kiwango chake. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.

Wanaorushiana maji wajue jambo moja. Ajali iliyosababishwa na utovu wa makusudi wa mfanyakazi mwenyewe inaweza kumnyima fidia, isipokuwa imeleta ulemavu mkubwa au kifo.

Usimamizi wa sheria hizi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, kupitia Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, DOSHS, iliyo chini ya wizara inayohusika na leba. Wakazi mara nyingi huleta malalamiko hayo kwa wadi au ofisi ya biashara ya kaunti, na huko wataelekezwa tu kwingine, jambo linalopoteza siku. Yaliyo mikononi mwa kaunti ni vituo vya afya, leseni za biashara, masoko na uzoaji taka. Kaunti pia ni mwajiri: wanaosafisha masoko na malori ya taka kwa mashine hizi ni wafanyakazi walio chini ya sheria zile zile, na msimamizi wao ana siku 7 zile zile za kuripoti.

Aliyeumia, au jamaa yake, amjulishe mwajiri mara moja, ikiwezekana kwa ujumbe wa simu ambao utabaki kama ushahidi. Ahifadhi kadi ya hospitali, risiti zote na majina ya walioshuhudia, na amwombe daktari aandike kwenye kadi kwamba jeraha limetokana na mashine ya presha kazini, pamoja na tarehe na saa. Mwajiri akikataa kuripoti, mfanyakazi aende mwenyewe na nakala hizo kwenye ofisi ya DOSHS iliyo karibu.